Bunduki Iliyokaa Darini: Uchambuzi wa Kisa cha Kuhifadhi Urithi wa Familia Moja ya West Nile

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha familia moja ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, iliyokuta bunduki ndogo ya marehemu babu yao juu ya dari na ikataka kuirudishia hali yake. Majina, mji, namba ya bunduki na tarehe za karibuni vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Niliitwa kama mshauri wa uhifadhi wa vitu vya kale baada ya polisi kuhusishwa, kwa hiyo yaliyotangulia nayasimulia kama nilivyoelezwa na wenyewe, na kama chuma na mbao vilivyoyashuhudia nilipovikagua. Nakiandika kwa sababu familia ikikuta kitu kama hiki, macho yake huenda kwanza kwenye kutu, ilhali yapo mambo kadhaa ambayo lazima yamalizwe kabla kutu haijaguswa.

Usuli

Babu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, na alipelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw. Aliporudi nyumbani alilima tumbaku, akaoa, na akawalea watoto wake kwa Kiswahili cha jeshini pamoja na lugha ya ukoo, jambo la kawaida katika nyumba nyingi za wazee wa jeshi upande huo wa nchi. Bunduki aliitumia kufukuza nyani na tumbili mashambani, na mara mojamoja kupata kanga au kwale wa kitoweo.

Wajukuu walikua wakisikia kwamba bunduki hiyo ilitoka Burma. Karatasi za marehemu zilisema vingine: katika bahasha ya nyaraka za ardhi kulikuwa na cheti cha serikali ya kikoloni kinachoonyesha kwamba aliinunua kihalali, miaka ya 1950, kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa akiondoka nchini. Chuma chenyewe kiliunga mkono cheti. Ubavuni mwa bunduki kulikuwa na nembo ya bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, ambayo ni nembo ya BSA, kampuni ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1861. Na kwenye mtutu, karibu na chemba ya risasi, kulikuwa na mihuri midogo ya taji juu ya herufi BP, BV na NP. Mihuri hiyo ni ya nyumba ya majaribio ya bunduki ya Birmingham, na kwa sura hiyo ilitumika kati ya mwaka 1904 na 1954. Hii ilikuwa bunduki ya Kiingereza ya kulengea shabaha na kuwindia wanyama wadogo, wala si silaha ya vita. Niliona ni vyema kuwaeleza wajukuu kwamba hakuna kilichopotea hapo, kwa kuwa babu yao alikwenda Burma kweli, na bunduki ina historia yake tofauti ambayo sasa wana hati yake mkononi.

Ni bunduki ya risasi moja moja, yenye kipenyo cha takriban milimita 5.6, ile ambayo wengi huiita kwa ufupi point tuu-tuu. Mfumo wake ni wa Martini. Mkono ulio chini ya kifyatulio ukivutwa, kizibo cha nyuma hushuka na kuifunua chemba; risasi huingizwa kwa kidole; mkono ukirudishwa, kizibo hupanda na kufunga. Msomaji azingatie jambo moja kuhusu mfumo huu, kwa sababu ndilo lililobeba hatari yote ya kisa: sindano inayogonga fataki, yaani kiwashio cha risasi, imefichwa ndani ya kizibo, haina nyundo ya nje kama bunduki nyingine, na mtu asiyeizoea akiitazama hawezi kujua kama imekokwa au haikukokwa.

Mfuatano wa matukio

Mwaka 1980, baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin, mapigano yaliwakimbiza watu wengi wa West Nile kuvuka mipaka kuingia Zaire na Sudan. Familia hii ilikuwa miongoni mwao. Shangazi, binti mkubwa wa marehemu, anakumbuka kwamba usiku wa kuondoka baba yake aliipaka bunduki mafuta ya simsim kwa wingi, akaitia katika ala yake ya ngozi, akaipandisha juu ya dari na kuilaza sambamba na boriti. Waliporudi, nyumba ilikuwa imeharibika lakini paa la chumba kile lilikuwa limesalia. Mzee hakuitaja tena hadi alipofariki. Katika eneo ambalo lilipitia uasi zaidi ya mmoja, hadi makubaliano ya Desemba 2002 kati ya serikali na kundi la waasi la UNRF II yaliyotiwa saini mjini Yumbe, mtu kukaa kimya kuhusu bunduki iliyo ndani ya nyumba yake ni jambo linaloeleweka, ingawa sheria haikuwahi kulikubali.

Bunduki ilionekana mafundi walipokuwa wakibadilisha mabati. Mjukuu wa kiume, kijana mwenye mikono mizuri ya kazi na mapenzi makubwa kwa babu yake, aliichukua chumbani kwake na kwa majuma kadhaa akaishughulikia kimyakimya, akitaka kuwashtukiza wazee kwa zawadi iliyong'aa. Alisugua upande wa kushoto wa kitako kwa msasa mpaka mbao nyeupe ikatokea. Alianza pia kusugua mtutu kwa brashi ya waya. Alijaribu kuuvuta mkono wa kufungulia, ukakataa kabisa, naye akauacha kwa nia ya kumpelekea fundi wa kuchomelea vyuma aupashe moto.

Shangazi alimkuta katika kazi hiyo. Maneno yake nimeyapata kwa wote wawili na yanafanana: "Babu yako alinizuia kuigusa nikiwa mtoto, na mimi nakuzuia wewe leo. Iweke chini, mwanangu, twende polisi." Walipitia kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha wakaenda kituoni mikono mitupu, wakiwa na cheti cha zamani pekee, na kuwaomba polisi waje wenyewe kuichukua. Kijana alikuwa amependekeza kuifunga katika mkeka na kuipeleka kwa bodaboda ili kumaliza jambo upesi, Shangazi alikataa.

Kituoni, fundi silaha wa polisi aliilaza bunduki juu ya magunia ya mchanga, mdomo wa mtutu ukielekea kwenye kilima cha udongo nyuma ya jengo. Hakugusa kifyatulio wala hakuulazimisha mkono. Akiwa amesimama pembeni, aliingiza ufito mwembamba wa mbao mdomoni mwa mtutu hadi ukagota, akatia alama ya penseli mahali ulipokutana na mdomo, akautoa, kisha akaulaza juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa mdomoni. Ncha ya ufito iliishia kabla ya uso wa kizibo, kwa pengo la kama sentimita mbili na nusu. Huo ndio urefu wa risasi moja ya aina hiyo. Aliwaonyesha Shangazi na kijana pengo lile kwa kidole na kusema, "Mzee wenu aliiacha na risasi ndani."

Kwa kuwa kulikuwa na risasi, moto na nyundo viliondolewa katika mjadala. Mafuta ya kupenyeza kutu yalitiwa kwenye maungio kidogo kidogo, na bunduki ikabaki ghalani, ikielekezwa mahali salama, mpaka mkono ulipoanza kusogea. Siku kizibo kiliposhuka, risasi ilitoka na ganda lililogeuka kijani, kichwa chake cha madini ya risasi kikiwa kimefunikwa na unga mweupe wa kutu ya madini hayo. Mfumo ulikuwa umekokwa. Kwa miaka yote hiyo, na kwa majuma yote ambayo msasa ulikuwa ukipita juu ya kitako, kilichoizuia sindano ni usalama dhaifu wa kifyatulio kikuukuu na utomvu wa mafuta ya simsim yaliyokauka.

Bunduki haikurudi nyumbani baada ya hapo. Chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, hakuna anayeruhusiwa kumiliki bunduki au risasi bila hati halali, na hati hutolewa kwa mtu aliyetajwa, hairithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Familia ililazimika kwanza kukamilisha mirathi ambayo ilikuwa imelala tangu mzee afariki: kupata hati ya kutokuwa na pingamizi kutoka ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha barua za usimamizi mahakamani, ndipo Shangazi akaanza maombi ya hati kwa jina lake, yakipitia kwa viongozi wa mtaa hadi kwa kamanda wa polisi wa wilaya na kuendelea juu. Muda wote huo bunduki ilikuwa ghalani mwa polisi. Hatua hii ilichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya mikono, na ilikuwa ya manufaa kwa namna ambayo nitaieleza mbele.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, ambao uliamua karibu kila kilichofuata, ulikuwa kama bunduki itapiga tena. Kijana na baba yake mdogo anayeishi Kampala walitaka ipige, hata kama ni mara moja kwa heshima ya mzee. Niliomba uamuzi usubiri ukaguzi wa ndani ya mtutu, na fundi silaha mwenye leseni akaufanya mbele yetu.

Alichokikuta kilikuwa cha aina tatu. Kwanza, mifereji ya msokoto ndani ya mtutu ilikuwa imeliwa na vishimo kutoka chemba hadi katikati. Hili lina sababu inayojulikana vyema. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, na kila zilipolipuka ziliacha chumvi ya kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu. Chumvi hii huvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu pamoja na chumvi huula chuma usiku na mchana. Mafuta hayaiyeyushi, maji ya moto ndiyo yanayoiyeyusha. Kampuni ya Kimarekani ya Remington ilianza kuuza risasi za Kleanbore, zisizo na chumvi hiyo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, lakini watu waliendelea kutumia za zamani kwa muda mrefu, na mtu aliyesafisha bunduki yake kwa kitambaa chenye mafuta, kama babu huyu alivyofanya kwa uaminifu, aliifunika chumvi badala ya kuiondoa. Ndiyo maana nje ya mtutu huu, uliopakwa simsim kwa wingi, kulikuwa kuzuri kuliko ndani yake.

Pili, karibu theluthi moja kutoka mdomoni, mwanga ulionyesha pete nyeusi kuzunguka ukuta wa ndani, na vidole vilipopitishwa nje vilihisi uvimbe mdogo mahali palepale. Huo ni mtutu uliovimba kwa sababu risasi ilifyatuliwa wakati nyingine, au kizuizi kingine, ilikuwa imekwama ndani. Tatu, kwenye ukingo wa chemba, mahali sindano inapofika, kulikuwa na kidonda kidogo cha chuma kilichobonyea. Katika risasi za aina hii fataki imo ndani ya ukingo wa ganda, hivyo sindano hugonga pembeni. Mtu akifyatua chemba ikiwa tupu, sindano huugonga ukingo wa chuma wenyewe. Shangazi alipoonyeshwa alikumbuka kwamba kaka zake walikuwa wakiichezea baba yao akiwa shambani. Ukingo ulioharibika hivyo hauwezi kulishikilia ganda ipasavyo, na ganda la shaba nyembamba likipasuka, gesi ya moto hurudi kwa mpigaji.

Ilikuwapo njia ya kiufundi ya kuutibu mtutu: kuutoboa upana na kuutia mtutu mwembamba mpya ndani yake, kazi inayofanywa Ulaya na Marekani kwa bunduki nyingi za kipenyo hiki. Niliipinga, na bado ninaamini nilikuwa sahihi. Ingehitaji vibali vya kuitoa bunduki nchini na kuirudisha, gharama isiyolingana na faida, na juu ya yote ingeondoa sehemu pekee ya bunduki inayosimulia jinsi ilivyotumiwa. Shangazi ndiye aliyefunga mjadala. Bunduki ingehifadhiwa kama kumbukumbu, haitapiga, na sindano itaondolewa na kubaki mikononi mwa polisi kwa maandishi.

Mara hilo lilipokubaliwa, uamuzi wa pili, kuhusu kutu, ukawa mwepesi. Tulikuwa huru kutotafuta mng'aro. Kijana alikuwa amesoma kuhusu kuloweka chuma katika siki, maji ya limau au dawa za kuondoa kutu, na vitu hivyo vinafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba rangi nyeusi ya samawati ya bunduki za kale ni yenyewe aina ya oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, na asidi haichagui. Ikiondoa nyekundu inaondoa na nyeusi, kisha inaanza kulegeza kingo za mihuri. Tulichagua njia ya maji ya moto. Mtutu uliotenganishwa na mbao ulisafishwa mafuta yote, ukachemshwa katika maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kujazia betri (si asidi ya betri, na yeyote atakayemtuma mtoto dukani alisisitize hili), ndani ya chombo kirefu cha chuma kisichoshika kutu juu ya makaa. Kutu nyekundu, ikichemshwa hivyo, hugeuka oksidi nyeusi, ileile jamii ya rangi ya awali. Mtutu ulipotolewa ulikuwa umefunikwa na unga mweusi kama masizi. Ulisuguliwa polepole kwa sufi laini sana ya chuma, isiyo na mafuta, na chini ya unga ule ikabaki ngozi nyeusi iliyoshikamana. Zoezi lilirudiwa mpaka maji yalipokoma kuleta mabadiliko. Maji hayohayo yaliyeyusha chumvi iliyobaki ndani ya mtutu, na hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi iliyonifanya niipendelee njia hii.

Pale brashi ya waya ilipopita hapakuwa na cha kugeuza. Mikwaruzo miangavu imebaki, imefunikwa kwa nta tu.

Mbao zilikuwa suala gumu zaidi, kwa sababu hasara yake ilikuwa imekwishatokea. Kitako ni cha mjozi, na upande wa kushoto babu alikuwa amechonga kwa kisu herufi za jina lake na alama fupifupi zilizopangwa mstari, ambazo Shangazi anasema ni hesabu ya nyani. Msasa ulikuwa umefuta nusu ya alama na kuacha herufi mbili kama kivuli. Ulikuwa pia umeishusha mbao chini ya usawa wa chuma pale vinapokutana, kosa ambalo jicho la mtu anayejua huliona kabla ya jingine lolote. Kijana aliomba kwa unyenyekevu aruhusiwe kuzichonga upya herufi, akifuata kivuli. Nilimweleza kwamba zikichongwa zitakuwa herufi zake yeye, na mtoto wake atakapozigusa atadhani anagusa kazi ya mkono wa babu. Alikubali, ingawa ilimuuma.

Upande wa kulia ulisafishwa kwa pamba na tapentaini kidogo, ukivuliwa utomvu wa simsim tabaka kwa tabaka bila kuifikia mbao. Ufa kwenye shingo ya kitako uligundishwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, kwa kuwa inaweza kulegezwa tena kwa joto na unyevu ikiwa mtu wa baadaye atakuwa na njia bora, na kwa bunduki isiyopiga nguvu ya gundi ya kisasa haikuhitajika. Upande uliosuguliwa ulipakwa mafuta ya kitani mara chache, membamba, ili weupe upungue bila kujifanya wa kale. Hapa niweke tahadhari ambayo mafundi wengi wa fanicha wanaijua: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye kona hupata joto chenyewe na kinaweza kushika moto, kwa hiyo vitambaa vyetu vilianikwa nje vikiwa vimenyooshwa hadi vikakauka. Mwisho, mbao na chuma vyote vilipakwa nta ya nyuki ya hukohuko West Nile, iliyochujwa vizuri. Hakuna vanishi iliyotumika.

Kuhusu mahali pa kazi, msimamo wa polisi ulikuwa kwamba sehemu zote za mfumo wa kufyatulia zisitoke mikononi mwa fundi mwenye leseni. Kazi ya chuma ilifanyika karakanani kwake. Kilichoruhusiwa kufanyika mbele ya familia ni kitako peke yake, na kijana ndiye aliyeufanya usafi wa upande wa kulia kwa mkono wake, chini ya usimamizi. Bolti ndefu inayokishika kitako, ambayo hufikiwa kwa kuondoa bamba la nyuma, ilikuwa imeganda, na fundi aliitoa kwa bisibisi aliyoichonga ncha yake ili ijae mfuo wa bolti kikamilifu. Nilimwomba kijana aje aitazame hatua hiyo, kwani nusu ya madhara ninayoyaona kwenye vitu vya kale vya chuma husababishwa na bisibisi nyembamba katika mfuo mpana.

Matokeo

Hati ilitolewa kwa jina la Shangazi. Bunduki imewekwa nyumbani kwake katika kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, haina sindano wala risasi, na ile risasi ya zamani polisi waliiteketeza. Mihuri ya Birmingham inasomeka yote. Mtutu ni mweusi, wenye madoa, na upande wa kulia wa kitako una rangi nzito ya asali ya zamani. Upande wa kushoto unaonekana wazi kwamba ulisuguliwa. Ala ya ngozi imehifadhiwa kando, kwa kuwa ngozi huhifadhi unyevu na dawa za kuitengenezea huchangia kutu, na ukweli ni kwamba mstari wa kutu mbaya kuliko yote kwa nje ulifuata mshono wa ala ile. Kijana ameandika kurasa kadhaa zinazoeleza kila kilichofanywa, pamoja na sehemu aliyoiharibu yeye mwenyewe, na kurasa hizo zimeunganishwa na nakala ya cheti cha miaka ya 1950.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni hatua ambayo haikuwa ya ufundi hata kidogo, nayo ni Shangazi kwenda polisi bila bunduki. Laiti ingefungwa mkekani na kupakiwa kwenye bodaboda, kungekuwa na mtu barabarani akibeba silaha bila hati, na silaha yenyewe ikiwa na risasi na imekokwa, ikitikiswa kwenye mashimo. Sidhani kama kuna haja ya kuieleza zaidi hatari hiyo. Nasisitiza tu kwamba hakujua kuwa ina risasi. Alifuata utaratibu kwa sababu ya utaratibu, na utaratibu ukawalinda dhidi ya jambo ambalo hakuna aliyelijua.

Kipimo cha ufito kinastahili kujulikana kwa upana, lakini kwa mipaka. Kinafaa kumwambia mtu kuwa kuna kitu chembani. Hakifai kumpa mtu ruhusa ya kuendelea. Uso wa kizibo una nafasi yake, ufito unaweza kugota kwenye kutu, na mtu asiyeijua bunduki hana hakika anapima hadi wapi. Kwa familia, jibu ni moja kabla na baada ya kipimo: bunduki iliyofungwa na isiyofunguka ina risasi, isiguswe, aitwe mwenye mamlaka.

Kuchelewa kwa mirathi na hati, ambako baba mdogo alikulalamikia kila alipopiga simu, kulileta faida isiyotarajiwa. Bunduki ikiwa ghalani, hakuna aliyeweza kuendelea kuisugua, na hamu ya kuona kitu kinachong'aa ilipungua kadiri Shangazi alivyozidi kusimulia habari za mzee katika vikao vya familia. Kama uamuzi wa kupiga au kutopiga ungefanywa katika juma la kwanza, naamini ungekuwa tofauti.

Kilichoshindwa kabisa ni upande wa kushoto wa kitako. Hakuna mbinu inayorudisha mbao iliyogeuka vumbi. Ninaona chanzo chake hakikuwa uzembe, kwani kijana alifanya kazi safi, kwa uvumilivu, kwa kufuata punje za mbao. Alifanya kwa bunduki kile ambacho angefanya kwa meza, na kwa meza angepongezwa. Shida ilikuwa usiri: zawadi ya kushtukiza ilimnyima nafasi ya kumuuliza mtu pekee aliyekuwa hai anayejua alama zile ni za nini. Angemwonyesha Shangazi kitako kabla ya msasa, hesabu ya nyani ingekuwapo leo.

Sina hakika pia kuhusu mafuta ya kitani upande huo. Yametuliza weupe, lakini yameingia katika mbao iliyofunguliwa vinyweleo na msasa, na hayatatoka. Mhifadhi mwingine angeweza kuuacha mweupe kabisa chini ya nta, na hoja yake ingekuwa na uzito.

Jambo moja limebaki wazi. Hati ni ya Shangazi, ambaye umri wake umekwenda, na haitapita kwa mwingine bila maombi mapya. Familia ilielezwa kwamba ni lazima sasa, akiwa hai, wamtaje atakayeomba baada yake, au wakubaliane kwa maandishi kwamba bunduki itakabidhiwa polisi au makumbusho. Wajumbe wa kikao waligawanyika kati ya kijana, ambaye anaijua bunduki kuliko wote, na baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa wanaume waliobaki. Hadi kisa hiki kinaandikwa hawajakubaliana, na Shangazi amewaambia kwamba kikao kijacho hakitaahirishwa.